Antena ya Dukani na Waya wa Nyumbani: Shauri kwa Wasikilizaji wa Masafa Mafupi

Mtu apitaye Parklands, Nairobi, kuanzia Barabara ya Limuru hata upande wa Westlands, huona juu ya mapaa ya nyumba za zamani milingoti ya chuma yenye antena za televisheni zilizoshikwa na kutu. Baadhi ya antena hizo hazina kazi tena tangu mitambo ya televisheni ya mtindo wa zamani ilipozimwa mjini Nairobi mwezi wa Februari 2015. Lakini milingoti yenyewe ingali imesimama, na kwa mtu apendaye kusikiliza redio ya masafa mafupi, mlingoti wa namna hiyo ni mali. Humwezesha kuinua waya mahali pa juu, mbali na nyumba, na kwa waya huo akapata stesheni ambazo redio yake ikiwa mezani haizipati hata kidogo.

Swali waulizalo wasikilizaji wengi ni kama inafaa kutumia waya wa kujitengenezea au kununua antena iliyotoka kiwandani. Katika maduka ya vyombo vya umeme ya Luthuli Avenue na River Road, muuzaji hakosi antena ya kumwonyesha mteja, na katika maduka ya intaneti zimo za kila aina na kila bei. Nyingine ni nzuri kweli. Nyingine ni waya mtupu uliotiwa katika kisanduku cha kupendeza. Kabla ya kutoa fedha yafaa mtu ajue antena, ambayo wazee wengi huiita eriali, hufanya kazi gani, na adui yake ni nani.

KWA NINI SHIDA IMEONGEZEKA

Mawimbi ya masafa mafupi hayafuati ardhi tu. Hupanda angani yakafikia tabaka la hewa lenye chembe za umeme, lililo kati ya kilomita 100 na 400 hivi kutoka ardhini, nalo huyarudisha chini kama kioo kirudishavyo nuru. Ndiyo sababu mtambo ulio Ulaya au China huweza kusikika Nairobi bila mnara wowote njiani. Jambo hilo ndilo linaloipa redio hii heshima yake. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007, baada ya uchaguzi, na intaneti ilipofungwa nchini Uganda kwa siku kadhaa mwezi wa Januari 2021, aliyekuwa na redio ya masafa mafupi na betri zake alikuwa na njia nyingine ya kupata habari.

Zamani njia hiyo ilikuwa nyepesi zaidi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na ile ya Deutsche Welle ya Ujerumani ikafuata mwaka 1963. Deutsche Welle ilikuwa na mitambo ya kurushia matangazo mjini Kigali, Rwanda, ambako ni mwendo wa kilomita 750 hivi tu kutoka Nairobi kwa njia ya anga. BBC nayo ilijenga mitambo yake katika visiwa vya Shelisheli mwaka 1988 kwa ajili ya Afrika ya Mashariki. Siku hizo fimbo fupi ya chuma iliyo juu ya redio ilitosha kabisa. Mitambo ya Shelisheli ilifungwa mwaka 2014 na ya Kigali mwaka 2015. Tangu hapo mengi ya matangazo yanayobaki hutoka mbali zaidi, nayo hufika yakiwa yamechoka. Hapana antena duniani iwezayo kuleta sauti ya mtambo uliozimwa, na yeyote auzaye antena kwa ahadi hiyo anamdanganya mnunuzi. Lakini sauti dhaifu ambayo bado inafika, hiyo antena njema yaweza kuiokoa.

Na huku sauti zikipungua nguvu, kelele za mjini zimeongezeka. Parklands ya zamani ilikuwa na nyumba za chini zenye bustani kubwa. Leo pande nyingi zimejaa majumba ya orofa nyingi, familia hamsini chini ya paa moja. Kila familia ina taa za LED, chaja za simu, visanduku vya televisheni na mashine za intaneti, na karibu kila kimoja cha vyombo hivyo kina kifaa kidogo cha kubadili umeme ambacho, kikiwa duni, hutoa mawimbi yake chenyewe. Kuna lifti na pampu za maji, na mitambo ya kugeuza umeme wa jua na wa betri. Tena kuna zile nyaya za umeme zilizowekwa juu ya kuta kuzuia wezi. Waya mmoja uliolegea ukigusa jani lenye maji hutoa cheche, na redio za jirani zote husikia tik, tik, tik, kama mshale wa saa, usiku kucha.

Huyo ndiye adui. Msikilizaji wengi hudhani kwamba redio haisikii kwa sababu haina nguvu, kumbe nguvu inayo ya kutosha. Inachokosa ni utulivu. Kuongeza urefu wa antena ndani ya nyumba huongeza sauti na kelele kwa pamoja, na mwishowe mtu hubaki pale pale alipokuwa.

Njia ya kumjua adui ni rahisi, nayo haigharimu kitu. Redio itiwe betri, iwekwe mahali pasipo na stesheni katika masafa mafupi, kisha mtu mmoja aende kuzima swichi kuu ya umeme wa nyumba. Kelele ikipungua ghafula, basi mwizi yumo nyumbani mwenyewe, na yaweza kutafutwa kwa kuwasha chombo kimoja kimoja. Mara nyingi hupatikana chaja moja ya bei rahisi au taa moja, na kuiondoa huleta faida kuliko antena ya maelfu ya shilingi. Ikiwa kelele haibadiliki, yatoka kwa majirani au kwenye nguzo za barabarani, na hapo antena ndiyo dawa.

WAYA WA KUJITENGENEZEA

Antena iliyo nyepesi kuliko zote ni waya mmoja wa shaba, wa mita 10 hata 20, unaotandazwa nje. Waya wa kawaida wa kuungia taa za nyumba wafaa sana, pamoja na ganda lake la plastiki. Hakuna haja ya kulichuna isipokuwa mwishoni, mahali pa kuunganishia. Ncha ya mbali ifungwe kwa kamba ya nailoni kwenye mti au mlingoti, na kati ya waya na kamba kiwekwe kipande cha bomba la plastiki kilichotobolewa matundu mawili, ili umeme mdogo uliokusanywa usipotelee mtini. Ikiwa ncha imefungwa kwenye mti, kamba ipitishwe juu ya tawi na kuning'inizwa jiwe upande wa pili. Mti ukiyumba kwa upepo, jiwe hupanda na kushuka, na waya haukatiki. Akaaye karibu na City Park hana budi kuwafikiria na kima pia, maana waya uliolegea kwao ni kamba ya kubembea.

Jambo kubwa kuliko urefu ni umbali na nyumba. Mita 10 za waya zilizo mwisho wa uwanja hushinda mita 30 zilizozungushwa kwenye dari. Na hapo watu wengi hukosea: huutoa waya nje vizuri, kisha huuingiza ndani kwa waya ule ule, ukipita karibu na swichi na taa, nao huokota tena kelele zote zilizokimbiwa. Sehemu itokayo kwenye antena hata redio yafaa iwe waya wa antena ya televisheni, ule mnene wenye uzi wa shaba katikati na wavu wa chuma ukiuzunguka. Wavu huo huilinda sauti njiani. Afadhali pia waya huo mnene uzungushwe mara kadhaa katika pete nyeusi ya feraiti, kama lile fundo lionekanalo kwenye nyaya za kompyuta, kwa kuwa kelele hupenda kutembea juu ya wavu kwa upande wa nje.

Mwenye uwanja mpana aweza kutengeneza iliyo bora zaidi, nayo ni antena ya mikono miwili. Nyaya mbili zilizo sawa hunyoshwa kulia na kushoto katika mstari mmoja, na katikati huungwa waya ule wa televisheni: uzi wa katikati kwa mkono mmoja, wavu kwa mkono wa pili. Urefu wake hupatikana kwa hesabu fupi: 143 igawanywe kwa megahezi za stesheni itakiwayo, na jibu ndilo urefu wa mikono yote miwili kwa mita. Kwa mfano, redio ya Zanzibar kwa miaka mingi imetumia kilohezi 11735, yaani megahezi 11.735. Mia moja arobaini na tatu kwa 11.735 ni mita 12.2, kwa hiyo kila mkono ni mita 6 na sentimita 10. Kwa stesheni zilizo karibu na megahezi 9.6, urefu wote ni mita 15 kasoro kidogo. Kosa la sentimita chache si kitu kwa mtu asikilizaye tu. Apelekaye sauti hewani ndiye apimaye kwa uangalifu.

Antena hii husikia vizuri zaidi pande zilizo mbavuni mwake kuliko zile ziliko ncha zake. London iko kaskazini ya Nairobi ikielekea kidogo magharibi, kilomita zipatazo 6,800. Basi atakaye sauti za Ulaya aunyoshe waya wake upande mmoja mashariki na mwingine magharibi, ili ubavu wake uelekee huko. Waya ukiwa chini sana, chini ya mita 4 au 5, tofauti hiyo ya pande hupungua sana, wala haifai kusumbukiwa.

Gharama ya hayo yote, mtu akiwa na mlingoti au mti, haizidi bei ya pakiti chache za unga.

ZILE ZA DUKANI

Aina ya kwanza iuzwayo ni waya uliozungushwa katika kikasha kidogo, mita 7 hivi, wenye kibanio cha kushika fimbo ya redio. Kwa msafiri ni kitu kizuri: hutolewa, hufungwa dirishani, na asubuhi hurudishwa mfukoni. Lakini ni waya, basi. Hauna siri yoyote ndani yake isiyokuwamo katika waya wa duka la vifaa vya ujenzi, na anunuaye kwa tumaini la kupata zaidi atajuta.

Aina ya pili ni antena za televisheni, zile za meno mengi au za masikio mawili, ambazo wachuuzi wengine husifu kwamba hushika kila kitu. Hizo zilitengenezwa kwa mawimbi yaliyo mafupi mno kuliko haya. Vipande vyake vya sentimita chache haviwezi kushika vema wimbi lenye urefu wa mita 25 au 31. Fedha itumiwayo hapo kwa ajili ya masafa mafupi imetupwa.

Aina ya tatu ndiyo yenye haki ya kufikiriwa sana, hasa kwa akaaye orofani. Ni duara la chuma au waya lenye kikuza sauti chake, ambacho hupelekewa umeme kwa ule ule waya uletao sauti. Kampuni ya Wellbrook ya Uingereza ilijipatia jina kwa maduara ya mita moja ya namna hiyo, na siku hizi yako madogo ya bei nafuu kutoka China, kama lile liitwalo MLA-30. Duara dogo hivi husikia sauti kidogo kuliko waya mrefu, ndiyo maana hutiwa kikuza sauti. Uzuri wake uko mahali pengine. Kwanza, kelele nyingi za vyombo vya nyumbani, zikiwa karibu, ni za umeme zaidi kuliko za sumaku, na duara husikia zaidi ile sehemu ya sumaku. Pili, likisimamishwa wima, duara huwa kiziwi kwa upande unaotazamwa na uso wake. Mtu akilizungusha taratibu huku akisikiliza, hufika mahali ambapo kelele ya jengo la jirani yazama. Sauti ya stesheni haizami pamoja nayo, kwa kuwa yenyewe yashuka kutoka juu angani wala haiji kwa kufuata ardhi. Waya wa mita 20 hauna uwezo huo hata kidogo, wala hapana roshani ya Parklands iwezayo kuunyosha.

Lakini duara hilo sharti litoke nje. Likiwekwa chumbani nyuma ya televisheni, ni fedha nyingi zilizotumiwa kununua kelele. Liwekwe kwenye ukingo wa roshani au, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, juu ya paa. Umeme wake pia uangaliwe: kikuza sauti kikilishwa kwa chaja duni ya simu, kelele iliyofukuzwa mlangoni hurudi kwa dirishani. Betri ni salama zaidi.

Mtu wa orofani asiye na fedha hakuachwa bila njia, kwa sababu duara nalo laweza kutengenezwa nyumbani, tena bila kikuza sauti. Achukue bomba jembamba la shaba, au hata ule waya mnene wa televisheni, kiasi cha mita 3 na sentimita 15, alikunje liwe duara la upana wa mita moja, alifunge juu ya mbao mbili zilizopishana kama msalaba. Ncha zake mbili ziungwe na kondensa ya kuzungusha, ile yenye sahani nyembamba za aluminiamu zipishanazo, ambayo katika redio za zamani hutumika kutafutia stesheni. Fundi wa redio yeyote mwenye sanduku la mabaki anazo. Kisha duara dogo la pili, upana wa sentimita 20, liwekwe ndani ya lile kubwa bila kugusana nalo, nalo ndilo liungwe na redio. Kondensa ya kawaida ya pikofaradi 365 itaweza kulifikisha duara hilo tangu megahezi 5 hivi hata karibu na 20. Kila stesheni ibadilishwapo, kondensa nayo sharti izungushwe mpaka sauti iruke juu. Hilo ndilo sumbuko lake. Lakini sumbuko hilo lina faida, maana duara likichagua wimbi moja huyakataa mengine, na redio ndogo haichanganyikiwi.

REDIO ILIYOSHIBA KUPITA KIASI

Kuchanganyikiwa huko si jambo dogo. Redio nyingi ndogo zimeundwa kwa ajili ya fimbo yake fupi tu. Zikiungwa na waya mrefu, hasa usiku, hupokea nguvu kuliko ziwezavyo kuchukua, na stesheni moja huonekana mahali pengi pasipo pake, au sauti mbili hupanda pamoja. Mwenye redio hudhani imeharibika. Dawa ni kuupunguza waya, au kusukuma swichi ya kupunguza nguvu ikiwa redio inayo. Ikiwa redio haina tundu la antena ya nje, waya usibanwe kwenye fimbo kwa chuma. Uzungushwe mara tano au sita juu ya fimbo ukiwa na ganda lake. Sauti hupita vya kutosha, tena moyo wa redio hulindwa na umeme ukusanywao na waya siku za upepo mkavu na za mawingu mazito, ambao waweza kuiua kabla ya radi yoyote kupiga.

HATARI MBILI

Waya wowote usipitishwe juu wala chini ya nyaya za umeme za barabarani, wala usitupwe kwa jiwe upande ziliko. Ukikatika na kuziangukia, umeme wote hushuka kwa aushikaye, na watu wamekufa kwa namna hiyo. Umbali uwe mkubwa kiasi kwamba waya au mlingoti, hata ukianguka wote, hauwezi kuzifikia. Kadhalika usifungwe kwenye nguzo za ua wa umeme.

Hatari ya pili ni radi. Katika majira ya masika, Machi hata Mei, na ya vuli, Oktoba hata Desemba, mvua za Nairobi huja na ngurumo alasiri na jioni, saa zile zile ambazo watu hufungua redio. Chuma kilichochimbiwa ardhini na kuungwa na antena huondoa umeme mdogo mdogo unaokusanyika, lakini hakizuii radi. Mwenye antena ya nje, iwe ya kiwandani au ya mkono wake, aizoeze mikono yake kuchomoa waya kabla mawingu hayajafika juu ya nyumba, na kuutupa mwisho wake nje ya dirisha badala ya kuuacha sakafuni kando ya redio. Ngurumo zikiwa zimekwisha kuanza, asiuguse tena. Aiache redio kama ilivyo na kukaa mbali nayo mpaka zipite.